Kidimbwi cha Nyuma ya Nyumba: Afya Iko Ukingoni

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na kama kawaida nakufuata hapo ulipo, uwe Diani, Ukunda, Msambweni, Kinango au Lunga Lunga. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, bora sikio liwe hapa.

Leo nitazungumza juu ya kidimbwi cha bustani. Huenda ukajiuliza, muuguzi na kidimbwi wapi na wapi? Subiri kidogo nikueleze.

Katika ziara zangu za nyumbani nilifika mji mmoja upande wa Msambweni. Baba wa mji ule anafanya kazi ya bustani katika hoteli. Huko aliona kidimbwi chenye mayungiyungi na samaki, akakipenda, akasema na mimi nitachimba changu. Akachimba nyuma ya nyumba, kiasi cha kitanda cha watu wawili, maji yakifika gotini. Pembeni akapanga mawe bila kuyashika kwa chochote, na nyasi akaziacha ziteremke mpaka majini. Kilipendeza macho.

Siku moja alasiri nyanya wa mji alikuwa uani akipeta mchele, na mjukuu wake wa miaka miwili akicheza karibu naye. Nyanya aliniambia hivi: "Sista, mimi sikusikia kelele. Nilichosikia ni kimya." Alipoinua macho mtoto hayupo. Jiwe la ukingoni lilikuwa limepinduka, na mtoto yuko majini kifudifudi. Alimvuta kwa nguo. Mungu ni mwema, mtoto alikohoa, akalia, wakampeleka hospitali na akapona.

Nilipofika siku ya nne, mama wa mtoto aliniuliza, "Sista, tukifukie?" Nilimwambia ngoja kwanza tukitazame. Tuliinama pale pembeni. Kati ya zile nyasi viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza. Upande wa bafu maji machafu yalikuwa yametengeneza mfereji unaoingia moja kwa moja. Na chini ya mawe konokono wameng'ang'ania. Mpendwa msikilizaji, katikati ya kidimbwi kile maji yalikuwa safi na samaki wanaogelea. Mabaya yote manne, yaani mtoto kuanguka, mbu, uchafu na konokono, yalikuwa yanapitia pembeni.

Hivyo basi, jambo ninalotaka ulishike leo ni moja: afya ya kidimbwi iko ukingoni. Ukipanga ukingo vizuri kabla ya kuchimba, unaweza kuwa na maua, samaki na maji ya kumwagilia sukuma wiki, bila kuleta msiba. Ukiupuuza ukingo, umefuga maradhi nyuma ya nyumba.

Kwanza, tuanze na mipango, kabla jembe halijagusa ardhi.

Swali la kwanza ni hili: je, nyumbani kwako kuna mtoto wa chini ya miaka 5? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa umri huo. Si lazima yawe maji ya bahari. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinamia maji, hutangulia kichwa, na maji ya kina cha kiganja yanatosha kumziba pumzi. Tena hapigi kelele. Kama una mtoto wa umri huo, ushauri wangu ni kungoja miaka miwili mitatu. Kama kidimbwi kipo tayari, basi kizungushie ua wa kimo cha mita 1.2 au zaidi, usio na mahali pa kukwea, na mlango wake ujifunge wenyewe. Au weka juu ya maji wavu wa chuma imara unaoweza kubeba uzito wa mtoto. Wala ua na wavu si badala ya macho ya mtu mzima. Mtoto mwenzake wa miaka saba si mlinzi.

Swali la pili: maji yatatoka wapi? Tufanye hesabu pamoja. Kidimbwi cha urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60 kinameza lita 3,600. Hiyo ni mitungi 180 ya lita 20. Na jua la kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, halina huruma. Maji yakipungua milimita 5 tu kwa siku, kidimbwi hicho kinapoteza lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu kila siku. Kama unanunua maji ya kunywa kwa mtungi, fikiri mara mbili. Kidimbwi kinachokauka nusu nusu ni kibaya kuliko kilichojaa, kwa sababu samaki hufa na vishimo vya matope vinabaki kwa ajili ya mbu. Ni afadhali kidimbwi kidogo kinachojaa mwaka mzima kuliko kikubwa cha msimu. Ukiweza kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye mabati, ni vyema zaidi, lakini tangi lenyewe liwe na kifuniko.

Swali la tatu: utachimba wapi? Weka kidimbwi mahali unapopaona kutoka jikoni au barazani, siyo nyuma kabisa kwenye kichaka. Kiwe mbali na mwembe na mwarobaini, kwa maana majani na maembe yakioza majini hewa ya samaki hupungua. Kiwe upande wa juu wa choo na bafu, siyo upande wa chini. Kwa kisima tunashauri mita 30 kutoka chooni, na ningependa kidimbwi kifuate kanuni hiyo hiyo. Lakini najua wengi Ukunda mna kiwanja cha futi 50 kwa 100, na mita 30 ni karibu urefu wa kiwanja chote. Isitoshe, chini yetu ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na maji ya choo hupita humo upesi. Kwa hiyo mwenye kiwanja kidogo asiache maji yagusane na ardhi. Atandike plastiki nzito isiyovuja, au ajenge kidimbwi cha kuinuka juu ya ardhi kwa matofali, ukuta wake usipungue sentimita 60. Huo wa kuinuka una faida nyingine: maji ya mafuriko hayauruki kwa urahisi, na mtoto anayejifunza kutembea hauangukii ghafla. Lakini usiache kiti, ndoo au jiwe karibu nao, maana atapanda.

Pili, tuje kwenye uchimbaji na ukingo wenyewe. Hapa naomba unisikilize pole pole.

Chora umbo kwa kamba na majivu au chokaa, kisha uliache siku mbili tatu. Angalia watu wa nyumbani wanapita wapi, kuku wanakunywa wapi, maji ya mvua yanatoka wapi. Ukiona umeweka katika njia ya watu, ni rahisi kufuta majivu kuliko kufukia shimo.

Unapochimba, kuta ziwe za kusimama, siyo za kuteremka kama sahani. Sababu ni hii. Mbu wa malaria hapendi katikati ya maji penye mawimbi na samaki. Viluwiluwi vyake hukaa pembeni, kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi, mahali samaki hawafiki. Ukiondoa pembe hizo za kina kifupi umemnyima kitanda. Kwa ardhi ya mchanga kama ya Diani, ukuta wa kusimama utaporomoka, basi ushike kwa matofali ya matumbawe. Upande mmoja tu acha kidato kipana cha sentimita 30, kina cha sentimita 25. Hapo utaweka vyungu vya mayungiyungi, na hapo hapo mtu aliyeanguka atapata pa kukanyaga atoke.

Mdomo wa kidimbwi lazima uwe sawa pande zote. Lalisha ubao ulionyooka juu ya shimo na uweke pima maji ya mwashi juu yake. Pima kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Upande mmoja ukiwa chini, maji yatamwagika huko kila mvua ikinyesha, ardhi italainika, mawe yatalegea, na hapo ndipo mtoto atateleza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha inua mdomo huo sentimita 15 juu ya ardhi inayouzunguka, na uifanye ardhi iteremke kwenda nje. Namna hiyo maji ya uani, yenye sabuni, kinyesi cha kuku na mikojo, hayataingia. Nayo maji ya ziada wakati wa masika, mwezi wa 4 na wa 5, yapatie njia: tia bomba dogo upande mmoja chini kidogo ya mdomo, lenye wavu ili samaki wasitoke, na ulielekeze kwenye migomba. Lisiishie kwenye dimbwi jingine.

Chini ya plastiki tandika mchanga na magunia makuukuu, kwa sababu ncha za matumbawe hutoboa. Kujua kipimo cha kununua, chukua urefu wa kidimbwi, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 30 kila upande. Kwa kidimbwi chetu ni mita 4.8 kwa 3.8. Tia maji kidogo kidogo ili plastiki ikae kwa uzito wake, ndipo uikunje juu ya mdomo na kuibana kwa mawe.

Mawe gani? Huku kwetu tuna mawe bapa ya Mazeras, yana uso wa kukwaruza na hayatelezi sana. Chagua mapana. Kila jiwe likae juu ya simiti, sehemu yake kubwa iwe nchi kavu, na lichungulie maji kwa sentimita 5 tu. Likichungulia zaidi litapinduka mtu akilikanyaga. Baada ya simiti kukauka, simama juu ya kila jiwe wewe mwenyewe, tena ruka. Likicheza, ling'oe ulipange upya. Jiwe lisilobeba mtu mzima lisiachiwe mtoto. Ziba mianya yote kati ya mawe, kwa maana kishimo cha kujaa kijiko kimoja cha maji kinamtosha mbu. Simiti mbichi ikidondoka majini, toa maji hayo kabla ya kuweka samaki. Na tafadhali, usiende kuvunja matumbawe baharini kwa ajili ya mapambo. Yale ni makao ya samaki tunaowala.

Mwisho wa ukingo, acha ukanda wa hatua moja kuzunguka mawe usiokuwa na nyasi ndefu. Tia kokoto. Nyoka hujificha nyasini kungojea vyura, na nyasi zikilala majini ndizo makao ya viluwiluwi.

Tatu, tuzungumzie maradhi yenyewe, ili ujue unapigana na nani.

Yuko mbu wa malaria, anayeuma usiku. Yuko pia mbu mwenye madoadoa meupe, anayeuma mchana, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Tusisahau kwamba jirani zetu Mombasa walipata mlipuko wa dengi mwaka 2013, kisha 2017 na 2021. Huyu wa madoadoa hutaga mayai yake ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na maji yakipanda yanaangua. Ndiyo maana kujaza maji tu hakutoshi, ni lazima usugue ukingo. Yai la mbu huchukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka. Basi chagua siku moja ya kila wiki, usiirushe. Siku hiyo sugua mstari wa maji kwa brashi ngumu, ondoa majani, kata nyasi, rudisha maji yaliyopungua. Kisha zunguka ua mzima. Vifuu vya nazi, madafu yaliyonywewa, matairi na makopo vinazaa mbu wa mchana kuliko kidimbwi chenye samaki.

Nimetaja samaki. Samaki ni askari wako. Huko Kisii, watafiti waliweka tilapia katika vidimbwi vilivyokuwa vimetelekezwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria walikuwa wamepungua kwa asilimia 94. Kwa kidimbwi chetu cha mita 3 kwa 2, tilapia wadogo 12 hadi 18 wanatosha. Waulize maafisa wa uvuvi wa kaunti mahali pa kupata vifaranga. Usiwalishe wakashiba sana, maana aliyeshiba hawindi. Wakifa, kidimbwi hicho ni cha mbu. Tafuta wengine au kiondoe maji.

Halafu kuna kichocho. Eneo letu la Msambweni limefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, kwa hiyo si mgeni kwetu. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai huangua, vidudu vyake huingia ndani ya konokono fulani wa maji, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayegusa maji. Wanahitajiwa wawili kukamilisha safari hiyo: konokono na mkojo. Kwa hiyo usichote maji, matope wala mimea kutoka mtoni au kwenye mabwawa ya zamani. Mimea ikitoka kwa jirani, ioshe, igeuze kila jani, toa konokono na mayai yao yenye utelezi. Wakionekana ukingoni, waokote kwa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, uwaponde nchi kavu. Na watoto wasioge wala kukojoa humo. Mtoto akikojoa damu, usisikilize wanaosema ni dalili ya kukua. Mlete kituoni. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kichocho kinatibika.

Gugu maji nalo usilipande hata likikupendeza kwa ua lake. Huziba uso wa maji, samaki hawaoni viluwiluwi, na kulimaliza ni kazi ya miaka. Yungiyungi moja au mawili yanatosha. Zaidi ya nusu ya maji ibaki wazi.

Kumbuka pia kwamba hili si jambo la hiari tu. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, inahesabu maji yanayozaa mbu kuwa kero, na afisa wa afya ya umma anaweza kukuamuru uyaondoe. Lakini usingoje amri. Mwite mapema, akushauri kabla hujachimba.

Kabla sijaaga, jambo la mwisho, na ningependa kila mtu nyumbani alijue. Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu, wala usimkamue tumbo. Unapoteza dakika za uhai. Piga kelele watu waje. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, na uanze kumpulizia pumzi ukifunika mdomo wake kwa mdomo wako huku umembana pua, au mdomo na pua pamoja kama ni mtoto mchanga, mpaka uone kifua kinainuka. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua kwa haraka mara 30, pumzi 2, tena 30, pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka na kuomba uji, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumsumbua baadaye.

Sasa utauliza, kile kidimbwi cha Msambweni kilifukiwa? Hakikufukiwa. Baba alikausha maji, akaweka ua wa fito na mlango, akapanga mawe upya. Nilipopita tena baada ya miezi mitatu alinikaribisha nisimame juu ya kila jiwe. Nikasimama. Hakuna lililotikisika. Nyanya alikuwa pale pale uani na ungo wake, ila safari hii alikuwa amegeuza kigoda, anapeta huku uso wake umeelekea kidimbwini. Nilimuuliza, "Nyanya, na ua umewekwa, mbona bado unalinda?" Akanijibu, "Ua ni wa fito, mwanangu. Macho ni yangu."

Mpendwa msikilizaji, kama una kidimbwi, leo kabla jua halijatua nenda ukasimame kwenye ukingo wake. Kanyaga mawe, chungulia nyasi, tazama mfereji wa bafu. Ukiona kasoro, anza nayo hiyo hiyo. Kama huna na unapanga kuchimba, anza na majivu na kamba, na umwite mhudumu wa afya wa kijijini kwako akusaidie kutazama.

Kinga ni bora kuliko tiba. Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Nawatakia nyote afya njema.